Uso wa Mchezo: Kutoka Uwanja wa Mbina Mpaka Duka la Intaneti

Mavuno yakwishapo katika nchi ya Usukuma, na pamba ikiwa imekwisha kupelekwa mnadani, huwadia majira ya mbina. Tangu mwezi wa Juni mpaka Agosti, katika viwanja vya Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, wilaya zilizounganishwa kuwa Mkoa wa Simiyu mwaka 2012, makundi ya wachezaji hukutana kushindana. Mgeni aliyezoea mashindano ya namna nyingine hutazamia kuona kundi moja likicheza huku jingine likingoja zamu yake. Sivyo ilivyo desturi ya huko. Makundi mawili hucheza wakati mmoja, katika uwanja mmoja, kila moja na ngoma zake, nyimbo zake na manju wake, na watu huwa huru kwenda watakako. Kundi lililozungukwa na watazamaji wengi zaidi ndilo lililoshinda. Mwamuzi wa mashindano hayo ni miguu ya watazamaji.

Desturi hiyo ina somo kwa jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza liko mbali nayo sana, nalo ni picha ya jalada la mchezo wa kompyuta. Kijana wa leo aliyetunga mchezo kwa fedha zake mwenyewe, pasipo kampuni nyuma yake, hupeleka kazi yake katika duka la intaneti. Humo huikuta imewekwa bega kwa bega na maelfu ya michezo mingine, yote ikichezwa wakati mmoja, na mnunuzi akiwa huru kwenda atakako. Kabla mnunuzi hajausikia muziki wa mchezo wala hajaugusa, huona picha moja ndogo, na kwa picha hiyo huamua kusimama au kupita. Swali la picha hiyo ni la kale kuliko kompyuta: mtu afanyeje ili mpita njia asimame, na akiisha kusimama asijione kuwa amedanganywa?

Habari zinazosimuliwa Usukuma zaeleza kuwa katika karne ya 19 walikuwapo mafundi wawili wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha, walioshindana kutafuta nani mwenye nguvu zaidi ya kuvuta watu. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, na wafuasi wa Gumha wakaitwa Bagalu, na mpaka leo makundi ya mbina hujihesabu kuwa ya upande mmoja au wa pili. Dawa za kuvuta watazamaji zilishika nafasi kubwa katika ushindani huo, na manju aliyeshinda alisifiwa kwa dawa zake kama alivyosifiwa kwa sauti yake. Lakini hapakuwa na manju aliyetegemea dawa peke yake. Kila mmoja alitafuta kitu cha kuonekana. Bayeye, mafundi wa nyoka, waliingia uwanjani na chatu aliyezungushwa mwilini. Wacheza bugobogobo, ngoma iliyotokana na vikundi vya kulima kwa ushirika, walirusha majembe hewani na kuyadaka kwa mapigo ya ngoma. Kila jambo jipya lililowafanya watu wahame upande mmoja kwenda wa pili liliigwa mwaka uliofuata, likazoeleka, likapoteza nguvu, na ikalazimu kutafutwa jingine.

Miongoni mwa mambo hayo hapana lililo karibu zaidi na habari ya jalada kuliko sanamu za mti. Makundi ya mbina yaliagiza sanamu za watu, nyingine kubwa sana, nyingine zenye mikono iliyofungwa kwa viungo vya kuchezeka, zikaletwa uwanjani kuwashangaza watazamaji. Sanamu iliinuliwa juu ya vichwa vya wachezaji, ikatikiswa, mikono yake ikapunga. Mtu aliyesimama mbali nyuma ya umati, asiyeweza kuona nyayo za wachezaji wala kusikia maneno ya wimbo, aliiona sanamu, na akaacha alipokuwa akaenda kuitazama.

Sanamu hizo leo zimetawanyika katika makumbusho na nyumba za wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Mtu azitazamaye huko, zikiwa zimesimama kimya ndani ya kioo na taa zikizimulika kwa karibu, aweza kuziona kuwa kazi ghafi. Kichwa hakina mapambo mengi, mwili umerefuka kama nguzo, mikono ni mirefu kupita kiasi, alama za shoka hazikulainishwa. Hukumu hiyo haina haki. Zilichongwa zionekane kwa mbali, katika vumbi na jua kali, zikiwa katika mwendo. Katika hali hiyo nakshi nyembamba hupotea, na kilicho bakia ni umbo: kichwa kikubwa, mkono ulioinuliwa, kivuli kimoja kisichochanganyika na kingine. Mchongaji aliyetumia siku tatu kuchora nyusi angalikuwa amepoteza siku tatu. Alijua mahali ambapo kazi yake itatazamwa, akachonga kwa ajili ya mahali hapo.

Kosa la wengi watengenezao majalada ya michezo siku hizi ni kinyume cha hekima hiyo. Msanii huchora picha yake katika kioo kikubwa cha kompyuta, akiwa amekisogelea, akaijaza mashujaa sita, ngome, joka, mawingu na machweo. Kila sehemu yapendeza ikitazamwa peke yake. Kisha picha hupunguzwa ili iingie dukani. Katika duka la Steam, lililofunguliwa mwaka 2003, kwa miaka mingi picha ndogo kuliko zote iliombwa iwe na pikseli 231 kwa 87, eneo ambalo katika kioo cha kawaida halizidi vidole viwili vya mtu. Katika duka la Google Play alama ya mchezo hupelekwa ikiwa na pikseli 512 kwa 512, lakini mwenye simu huiona ikiwa ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Mashujaa sita hugeuka kuwa doa la rangi ya udongo. Wenye duka la Steam wenyewe huwashauri watunzi kwamba katika picha ile ndogo kabisa jina la mchezo likaribie kuijaza nafasi yote, maana hapana kitu kingine kitakachosomeka.

Kuhusu rangi na umbo, mfano wa Afrika Mashariki unaofaa kuwekwa mbele ya msanii wa majalada haukutoka Usukuma. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia vipande vya mraba vya ubao mwembamba wa dari na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Picha zake ziliuzwa kando ya barabara, na wanunuzi wake walikuwa wapita njia. Tazama alivyozipanga: mnyama mmoja, mkubwa, amejaza karibu ubao wote; nyuma yake rangi moja isiyo na mlima wala nyumba; mpaka wa mnyama na rangi ile umekatwa waziwazi. Huenda alichora hivyo kwa sababu ya vifaa alivyokuwa navyo, maana rangi ya baiskeli haipendi kuchanganywa taratibu na mabadiliko ya mwanga. Lakini faida yake ni ileile ya sanamu ya Msukuma. Chui wake hutambulikana kutoka ng'ambo ya barabara. Tingatinga aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya kazi, na mtindo wake ukabaki kuwa mtindo wa nchi.

Basi nusu ya kwanza ya swali, ya kumsimamisha mpita njia, ina jibu la wazi. Nusu ya pili ni nzito zaidi, nayo yahusu ahadi.

Katika uwanja wa mbina sanamu huwavuta watu, lakini haiwashiki. Watazamaji waliokimbilia sanamu wakakuta wimbo hafifu na wachezaji waliochoka walirudi walikotoka, na kurudi kwao kulionekana na wote. Kundi lililojazwa watu likaachwa liliaibika kuliko kundi ambalo halikupata watu tangu mwanzo. Kwa hiyo manju mwenye akili alihakikisha kuwa kinachoonyeshwa juu ya vichwa kina uhusiano na kinachochezwa chini. Bayeye walishika mpaka huo kwa uangalifu wa kipekee. Nje, mbele ya umati, walionyesha chatu. Ndani, katika nyumba ambamo waanagenzi waliingizwa katika chama, kuta zilikuwa na picha za nyoka na za watu zenye kueleza habari za chama na asili yake, nazo hazikuwa kwa ajili ya kila mtu. Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya jamii wa serikali ya Tanganyika, alikusanya nakala za picha hizo na kuzichapisha katika kitabu kilichotolewa London mwaka 1953. Mtu afunguaye kitabu hicho huona kuwa mchoro wa ndani na onyesho la nje ni mamoja kwa maana: nyoka aliyeonyeshwa mlangoni ndiye aliyekaa ukutani. Aliyevutwa na chatu, akaomba kuingia chamani, hakukuta ndani habari za kuvua samaki.

Historia ya michezo ya kompyuta yaonyesha hasara ya kuuvunja uhusiano huo. Mwaka 1977 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa mashine ya kuchezea nyumbani kwa kutumia televisheni. Mashine hiyo haikuwa na uwezo wa kuonyesha zaidi ya miraba na mistari michache ya rangi. Ili kuifidia, kampuni iliajiri wachoraji hodari, Cliff Spohn akiwa mmoja wao, wapake rangi majalada ya kupendeza. Jalada la mchezo wa Combat lilikuwa na vifaru, ndege na moshi wa vita. Ndani ya televisheni palikuwa na vipande vidogo vya rangi vikizungukana. Yafaa kusema kwa haki kwamba katika miaka ya kwanza wanunuzi wengi hawakulalamika. Picha ya jalada iliwasaidia kuwaza, kama vile msikilizaji wa hadithi awazavyo jitu ambalo halioni. Tatizo lilikuja watengenezaji walipoongezeka, kila mmoja akitoa mchezo wa haraka ndani ya jalada la kuvutia. Mnunuzi hakuweza tena kutambua kwa uso lipi lina kitu ndani. Mchezo wa E.T. wa mwaka 1982, uliotungwa kwa majuma machache tu ili uwahi Krismasi, ulibeba sura ya sinema iliyopendwa na watu wengi sana, na ndani ukawachosha. Mwaka 1983 biashara ya michezo ya nyumbani katika Marekani ilianguka, na shehena ya kaseti za Atari zisizouzika zikafukiwa ardhini karibu na mji wa Alamogordo katika New Mexico, zilikofukuliwa mwaka 2014 mbele ya wapiga picha. Anguko hilo lilikuwa na sababu nyingi, na si haki kuyatwika majalada yote. Lakini umati ulikuwa umerudi ulikotoka, kama uwanjani.

Hata hivyo picha yaweza kuupotosha mchezo bila ya kuupamba kupita kiasi; yaweza kuupotosha kwa kuufanya ufanane na mingine. Mchezo wa Ico wa mwaka 2001, kutoka Japani, unamhusu mtoto mwenye pembe anayemwongoza msichana kwa mkono katika ngome tupu. Mtunzi wake, Fumito Ueda, alichora mwenyewe jalada lililotumika Japani na Ulaya, akifuata mfano wa mchoraji Giorgio de Chirico: majengo makubwa, vivuli virefu, na watoto wawili wadogo sana wakikimbia. Upweke wa mchezo wote umo katika picha ile. Kwa soko la Marekani picha hiyo haikutumika. Ikawekwa nyingine ya mvulana aliyekaza uso, rungu mkononi, kama shujaa wa michezo mia iliyokwishakuwapo. Mchezo haukuuzwa vizuri huko. Hapana awezaye kuthibitisha kuwa jalada peke yake ndilo lililoupunguzia wanunuzi, lakini hata wapenzi wake wa Marekani wamelitaja mara nyingi kuwa miongoni mwa majalada mabaya ya zama zake. Mpita njia aliyekuwa akitafuta upweke hakuuona, na aliyekuwa akitafuta rungu alikuta upweke.

Msanii akikumbuka mambo hayo, kazi ya picha katika Bariadi ya leo huanza na swali la ndani kabla ya la nje. Tuseme kijana mmoja ametunga mchezo juu ya mfugaji anayevusha ng'ombe mto Simiyu wakati wa mafuriko. Kishawishi cha kwanza kitakuwa kuweka mlima Kilimanjaro, simba na mkuki, kwa kudhani kuwa mnunuzi wa ng'ambo huitambua Tanzania kwa vitu hivyo. Huenda huitambua. Lakini mlima hauko katika mchezo, na haupo Simiyu. Aidha, picha za milima na simba ni nyingi mno kiasi cha kwamba hazisimamishi mtu. Kilicho ndani ya mchezo ni maji yanayopanda, pembe za ng'ombe juu ya maji, na mtu mmoja mwenye fimbo. Pembe juu ya maji ni umbo ambalo halifanani na jingine dukani. Likiwekwa peke yake, jeusi juu ya maji ya rangi ya udongo mwekundu au juu ya anga la manjano, laweza kusomeka hata likipunguzwa kuwa ukucha. Jina la mchezo nalo na liwe fupi, kwa herufi nene, lisipite juu ya pembe wala mahali penye rangi mbili zinazogombana.

Jaribio lake ni jepesi, wala halitaki fedha. Picha na ipunguzwe mpaka ukubwa wa alama ya simu, iwekwe katikati ya picha za michezo mingine ishirini, na apewe mtu ambaye hajaiona, atazame kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu. Kisha simu ifichwe, aulizwe aliona nini. Akisema aliona ng'ombe katika maji, picha imekwisha kufanya kazi yake ya kwanza. Akisema aliona rangi nzuri, msanii na arudi kazini. Jaribio la pili ni kumwuliza adhani mchezo wenyewe ni wa namna gani. Akisema ni wa vita, basi kuna jambo katika picha linalodanganya, pengine fimbo imeshikwa kama bunduki. Katika uwanja wa Nyakabindi, yalikofanyika maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane mwaka 2018, watu hupita mbele ya vibanda kwa mwendo uleule wapitao mbele ya kioo cha simu, na mtu akikaa saa moja kutazama mahali miguu inaposimama atajifunza mengi kuliko katika vitabu.

Lipo jambo moja ambalo manju wa zamani aliruhusiwa na mtunzi wa leo hakuruhusiwa. Manju aliweza kutangaza ushindi wake wa jana, na kujisifu ni sehemu ya nyimbo za mbina. Tangu Septemba 2022 duka la Steam limekataza kuandika juu ya picha za jalada alama za wahakiki, nembo za tuzo au maneno mengine ya kujisifu. Jina la mchezo ndilo linaloruhusiwa. Kabla ya hapo picha zilikuwa zimejaa nyota na maneno hata mchoro haukuonekana. Amri hiyo imemsaidia mtunzi mdogo, ijapokuwa hakuiomba, kwa sababu asiye na tuzo na mwenye tuzo kumi sasa husimama na picha tupu. Mwaka 2024 michezo zaidi ya 18,000 ilitolewa katika duka hilo moja, na katika msongamano wa namna hiyo usawa wowote ni msaada.

Na wachoraji wenyewe? Katika Atari ya miaka ya 1970 watunga programu hawakutajwa majina. Wanne kati yao waliondoka kwa uchungu, wakashiriki kuanzisha kampuni ya Activision mwaka 1979, ikawa inaandika jina la mtunzi wa mchezo pamoja na mchezo wenyewe. Majalada ya Activision, kwa namna inayostahili kuangaliwa, yaliacha moshi na mashujaa, yakaonyesha umbo rahisi lenye kufanana na kile kilichoonekana ndani ya televisheni, kama mtu arukaye shimo kwa kamba katika Pitfall! wa mwaka 1982. Waliotaka majina yao yaandikwe waliona haya kuahidi wasichokuwa nacho. Tangu Januari 2024 Steam humtaka mtunzi aseme kama picha zake zimetengenezwa kwa msaada wa akili mnemba, na swali la nani aliyechora limerudi kwa sura mpya.

Sanamu za mbina hazikuwa na bahati hiyo. Ziliponunuliwa na kusafirishwa, aghalabu liliandikwa kabila, mara nyingine jina la nchi, na kipimo cha urefu. Jina la kundi lililoziinua halikuandikwa, wala la manju, wala la mchongaji. Katika Bujora karibu na Mwanza, ambako Padre David Clement kutoka Kanada alianzisha makumbusho ya Wasukuma, vyombo vya Bagika na Bagalu vimehifadhiwa mahali ambapo watu wa makundi hayo waweza kuvisogelea na kueleza vilichezwaje, na kila mwezi wa Juni, katika sikukuu ya Bulabo, ngoma hupigwa tena nje ya milango yake. Zile zilizovuka bahari zimesimama zimeinua mikono, zikimwita mtu kutoka nyuma ya umati ambao hauko.